Mkia wa Super Cub ya Rimoti ya Mita 2.7: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Super Cub unaijua hata kama hulijui jina lake. Ni ile ndege ndogo ya bawa la juu na magurudumu manene, inayozunguka chini chini juu ya Tsavo kuwatafuta majangili na kuwaangalia tembo. Kampuni ya Piper ilianza kuiunda mwaka 1949. Bawa la ndege halisi lina mita 10.7 hivi kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo modeli ya robo yake ina karibu mita 2.7, na urefu wa mita 1.7. Ikiwa na injini ya petroli, mara nyingi huwa na uzito wa kilo 7 hadi 10.

Majibu haya yanahusu mkia wake peke yake. Kufunga mabawa na injini watu huuliza mara moja wakaelewa. Mkia huulizwa tena na tena, na ndio unaoangusha ndege. Mengi yaliyomo humu yanafaa pia kwa ndege nyingine za ukubwa huo.

## Mambo ya msingi

1. Mkia una sehemu zipi, na tuziiteje?

Zipo sehemu mbili zisizosogea na mbili zinazosogea. Zisizosogea ni bawa la mkia, lililolala, na pezi, lililosimama. Nyuma ya bawa la mkia zinafuata elevata, moja kushoto na moja kulia, ambazo huinua na kushusha pua. Nyuma ya pezi upo usukani.

Usukani wengine huuita rada, lakini rada ni mtambo mwingine kabisa, na sisi neno letu tulikuwa nalo kwenye jahazi kabla ndege haijabuniwa: ubao wa wima nyuma ya chombo, unaogeuzwa kwa kana. Kwenye modeli kazi ya kana hufanywa na pembe, kile kipande kinachofungwa juu ya usukani au elevata ili kishikwe na fimbo au waya. Upande wa pili fimbo hushikwa na mkono wa sevo, na sevo ni mota ndogo yenye gia inayotii rimoti.

2. Ndege "kubwa" inaanzia wapi?

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni inchi 80, yaani mita 2.03, kwa ndege ya bawa moja, na inchi 60 kwa ya mabawa mawili. Ila kinachobadilisha kazi ya fundi ni nguvu ya hewa. Usukani ukiwa mkubwa mara mbili kwa eneo, hewa huusukuma mara mbili. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Pembe ya plastiki na waya mwembamba vilivyokutosha kwenye ndege ya mita 1.4 havina kazi hapa.

3. Kila mtu ananionya kuhusu "kupapatika". Ni nini hasa?

Ni usukani au elevata kuanza kujitikisa yenyewe angani, makumi ya mara kwa sekunde, bila wewe kugusa rimoti. Hewa inausukuma usukani uliolegea, usukani unarudi, hewa inausukuma tena, na kila mzunguko unachota nguvu zaidi kutoka kwenye kasi ya ndege. Ukiwa chini utasikia mlio wa bzzz kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Katika sekunde moja au mbili gia za sevo zinaweza kuisha meno, bawaba zikang'oka, na elevata ikaondoka zake.

Chanzo karibu kila mara ni ulegevu: tundu la pembe lililopanuka, fimbo inayopinda, gia iliyochakaa, mwanya mkubwa kwenye bawaba, au bawa la mkia lisilokazwa. Kila kimoja kinacheza kidogo tu, lakini vikijumlishwa unapata milimita tatu kwenye ukingo wa elevata. Cub ni ndege ya polepole, na hapo ndipo watu hujidanganya. Mtu akiinamisha pua kutoka juu huku injini ikiunguruma kwa nguvu, ndege ile ya polepole inapata kasi ambayo mkia wake haukuandaliwa kuihimili.

Kipimo changu ni hiki: washa rimoti na betri ya ndege ili sevo zishike, kisha utikise ukingo wa nyuma wa elevata kwa vidole viwili. Ukisogea zaidi ya milimita 1 kabla ya kukutana na ukinzani wa sevo, ndege hairuki. Maswali mengi yanayofuata ni namna ya kuifikia hiyo milimita moja.

4. Niandae vifaa gani?

Drili na bitizi zake, tupa ndogo, msasa, rula ya chuma, uzi usiovutika wa mita 3, plaizi, funguo za pembe sita, bisibisi, epoksi ya dakika 30, supaglu nyepesi, gundi ya kuzuia nati kulegea, Vaselini, vijiti vya meno na spiriti ya kufutia. Vifaa vya bei ghali si lazima. Drili kali ni lazima, kwa sababu drili butu huchana plaiwudi na tundu linakuwa la yai.

## Bawa la mkia na pezi

5. Nitajuaje bawa la mkia limekaa sawa?

Funga kwanza bawa kubwa. Bila bawa kubwa huna cha kulinganishia, na hili husahauliwa na nusu ya wanaoanza. Kisha simama hatua tano nyuma ya ndege, inama, uangalie: mstari wa bawa la mkia uende sambamba na mstari wa bawa kubwa. Jicho linakamata kosa dogo kuliko unavyodhani.

Halafu chukua uzi. Piga pini katikati ya bodi, juu ya kabini, na upime kutoka hapo hadi ncha ya kushoto ya bawa la mkia, kisha ya kulia. Vipimo vilingane ndani ya milimita 2. Visipolingana, usilazimishe kwa skrubu; piga msasa kidogo pale bawa linapokalia, ujaribu tena. Pezi lisimame wima kwa bawa la mkia, nyuzi 90, na kona ya kadibodi iliyokatwa vizuri inatosha kulipima.

6. Zile nyaya zinazotoka kwenye pezi kwenda kwenye bawa la mkia ni pambo?

Hapana. Kwenye Cub, ya kweli na ya robo, bawa la mkia ni jembamba na haliwezi kujishikilia lenyewe. Nyaya za juu hushuka kutoka kwenye pezi, za chini hupanda kutoka kwenye bodi, na kwa pamoja ndizo zinazozuia bawa la mkia lisipinde. Wapo waliozifunga kwa skrubu fupi za mbao kwenye balsa, ile mbao nyepesi na laini ya modeli, kwa kuwa "ni za urembo tu". Vuta moja kwa mkono uone inavyochomoka.

Vishikio vyake vya chuma vipitishwe kwenye plaiwudi, kwa bolti inayotokea upande wa pili na nati ya kujifunga. Kaza kwa zamu: robo mzunguko kushoto, robo mzunguko kulia, juu, chini, na kila raundi urudie vipimo vya swali la 5. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine umelikunja bawa, na ndege itazunguka upande siku zote ukidhani ni eleroni, zile sehemu zinazosogea nyuma ya bawa kubwa.

7. Nitoe plastiki ya kufunikia mahali pa gundi?

Ndiyo. Gundi ishike mbao kwa mbao. Ikishika plastiki, inashika kitu ambacho chenyewe kimeshikwa kwa joto la pasi tu. Ila usikate kwa wembe ukikandamiza, maana utakata na balsa iliyo chini, na bawa litavunjikia pale pale kwenye mstari wa wembe. Tumia ncha ya chuma cha kulehemu waya: inayeyusha plastiki na kuiacha mbao nzima.

## Bawaba

8. Bawaba ngapi, na za aina gani?

Fuata idadi ya matundu yaliyochorwa na mtengenezaji, wala usipunguze hata moja. Kwa ukubwa huu tegemea angalau tatu kwa kila elevata, na tatu au nne kwenye usukani. Napendelea bawaba za kipini, zenye mashina mawili ya duara na kiungo katikati, kuliko zile za karatasi ngumu zinazolowekwa supaglu. Za karatasi zinafaa ndege ndogo.

Tundu litobolewe katikati kabisa ya unene wa mbao. Paka Vaselini kidogo kwenye kiungo. Jaza epoksi ndani ya tundu kwa kijiti cha meno, siyo kwenye shina peke yake, kisha chomeka. Viungo vyote vikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kimoja kikitokeza mbele ya vingine, elevata inakuwa ngumu kila inaposogea na sevo inapigana nayo muda wote. Isogeze juu na chini mara kadhaa epoksi ikiwa bado laini, uiache hadi kesho. Kesho yake vuta kila bawaba kwa nguvu ya mkono, kama unayetaka kuing'oa. Itakayotoka ilikuwa itoke.

9. Epoksi imeingia kwenye kiungo na bawaba imekaza. Nifanyeje?

Kama bado ni laini, tone la spiriti na kuisogeza sogeza vinatosha. Ikishakauka, jaribu kuivunja taratibu kwa kuikunja. Ikibaki ngumu, ikate na uweke mpya. Kuna anayesema italainika yenyewe angani. Itakayolainika ni gia ya sevo.

10. Nizibe mwanya kati ya elevata na bawa la mkia?

Ziba, kwa kipande cha plastiki ile ile ya kufunikia au tepu laini inayoangaza, upande wa chini, huku elevata imeinuliwa hadi mwisho ili tepu isije ikaibana. Hewa inayovuja pale hupunguza nguvu ya elevata na hukaribisha yale ya swali la 3.

## Sevo, mikono na fimbo

11. Sevo ya nguvu gani?

Kwa Cub ya robo, sevo ya kilo 10 hadi 15 kwa sentimita kwa kila elevata inatosha, na kwa usukani chukua ya 15 au zaidi. Ndege za michezo ya angani za ukubwa huo huhitaji nguvu zaidi kwa sababu usukani wao ni mpana na unasogea sana. Gia ziwe za chuma. Angalia pia volti: betri ya lithiamu ya seli mbili huwa na 8.4 ikijaa, na sevo ya zamani ya volti 6 itaungua bila kukuaga.

12. Sevo za elevata nizifunge mkiani au kabini?

Hili ndilo swali lenye ubishi mrefu kuliko yote. Mkiani fimbo inakuwa fupi, kwa hiyo haipindi na haichezi. Lakini Cub ina pua fupi, na kila gramu ya mkiani inalipwa kwa gramu kadhaa za risasi (ile metali nzito) mbele. Hesabu yake: sevo mbili za gramu 55 ni gramu 110. Zikiwa sentimita 110 nyuma ya kitovu cha uzito, na risasi ikiwekwa sentimita 40 mbele yake, unahitaji 110 × 110 ÷ 40, yaani gramu 300 na ushei za risasi. Ndege imebeba gramu 400 na ushei kwa ajili ya sevo mbili.

Kwa ndege ya michezo ya angani, yenye injini nzito mbele, ningeziweka mkiani bila kufikiri mara mbili. Kwa Cub ninaziweka nyuma ya kabini, kila elevata na sevo yake, na fimbo mbili za bomba la kaboni. Sevo mbili zibaki mbili vyovyote iwavyo: moja ikifa, elevata ya pili inakurudisha nyumbani, kwa shida lakini inakurudisha.

13. Nimeweka mkono wa sevo lakini haukai nyuzi 90 kwa fimbo. Nirekebishe kwenye rimoti?

Kwanza uzungushe. Washa rimoti, trimu zote (yale marekebisho madogo ya katikati) ziwe sifuri, ndipo uvalishe mkono. Ekseli ya sevo nyingi ina meno 25, kwa hiyo jino moja ni nyuzi 14.4, ambayo ni nyingi mno kusahihisha kitu. Lakini mkono wenye umbo la msalaba una siri yake: kwa kuwa 25 haigawanyiki kwa nne, kila tawi hukaa tofauti na lingine kwa nyuzi 3.6. Jaribu matawi yote manne, utapata moja linalokaribia 90. Kata mengine matatu. Kinachobaki, nyuzi moja au mbili, ndicho ukimalize kwenye rimoti.

Mkono ukigoma kabisa kuingia, huenda umenunua wa chapa nyingine: Futaba wana meno 25, sevo za zamani za Hitec 24, na JR 23. Usiulazimishe kwa nyundo.

14. Nitumie tundu la ndani au la nje la mkono?

La ndani kwenye mkono, la nje kwenye pembe, kadiri mwendo unaoutaka unavyoruhusu. Ukiwa na mkono wa milimita 19 na pembe ya milimita 25, sevo ikigeuka nyuzi 45 elevata inageuka nyuzi 32 hivi, na nguvu ya sevo inaongezeka karibu theluthi. Ulegevu wa gia nao unapungua karibu robo kabla haujafika kwenye elevata.

Wengi hufanya kinyume: huweka mkono mrefu, elevata inasogea kupita kiasi, kisha wanapunguza kwenye rimoti hadi asilimia 50. Hapo sevo inatumia nusu ya mwendo wake, nguvu imepotea, na kila ulegevu unakuzwa. Mwendo urekebishwe kwa matundu. Rimoti ni ya kumalizia.

Kitu kingine cha pembe: tundu lake likae juu ya mstari wa bawaba hasa, si mbele wala nyuma yake. Likisogea, elevata haitapanda sawa na inavyoshuka.

15. Klevisi au boli jointi?

Boli jointi, kiungo cha kigololi kinachozunguka ndani ya kikombe chake, yenye bolti inayopita kabisa kwenye pembe na nati ya kujifunga upande wa pili. Ukitumia klevisi, kile kibanio cha miguu miwili chenye kipini, iwe ya chuma na ivalishwe kipande cha mpira kinachoizuia isifunguke. Ndege yangu ya kwanza ya mita 2 iliishia juu ya mkorosho kwa sababu ya pete ya mpira ambayo nilisema nitaiweka kesho.

16. Fimbo yangu inapinda nikiisukuma. Niongeze nini?

Waya ukivutwa hauna tatizo. Ukisukumwa ndipo unapotoka tumbo. Shika elevata isisogee, kisha mtu mwingine asogeze rimoti taratibu. Ukiona fimbo inaibuka katikati, badilisha: bomba la kaboni au mti mwepesi mnene, wenye ncha za waya zilizo fupi iwezekanavyo. Njia nyingine ni kuishikilia kwa plaiwudi yenye tundu katikati ya bodi. Ncha za waya zisibandikwe kwa gundi peke yake ndani ya bomba. Zifungwe uzi, ndipo epoksi ifuate.

17. Bolti zinalegea kila baada ya kuruka.

Injini ya petroli ni fundi wa kufungua nati. Chuma kwa chuma: tone la gundi ya nyuzi za bolti, ile ya buluu inayofunguka kwa ufunguo. Chuma kwa plastiki: usitumie gundi hiyo, nyingi hupasua plastiki; tumia nati za kujifunga. Usisahau skrubu ndogo ya katikati inayoshika mkono wa sevo.

## Usukani wa nyaya

18. Kwa nini usukani uvutwe kwa nyaya mbili badala ya fimbo moja?

Waya ni mwepesi, haupindi kwa kuwa hausukumi kamwe, na sevo inabaki mbele ambako uzito unahitajika. Pia ndivyo Cub halisi ilivyo.

19. Ncha za nyaya zinafungwaje zisichomoke?

Pitisha waya kwenye kibomba kidogo cha shaba, kisha kwenye tundu la kiungo, urudishe kwenye kibomba, uzungushe, uupitishe kibombani mara ya pili. Vuta hadi kitanzi kiwe kidogo, bana kibomba kwa plaizi sehemu mbili au tatu, tone la supaglu, basi. Kubana kupita kiasi hukata nyuzi za ndani na huoni kitu kwa nje. Jaribu kila ncha kwa kuning'iniza ndoo ya maji ya lita 10.

20. Zikazwe kiasi gani?

Zinyooke zisilegee, lakini zisilie kama uzi wa zeze. Zikikazwa mno, bawaba na beringi za sevo zinavutwa muda wote, na usukani haurudi katikati.

Geuza usukani hadi mwisho, uangalie. Waya unaovuta uwe umekaza; ule mwingine ukilegea kidogo si kitu. Zote mbili zikizidi kukaza kadiri usukani unavyogeuka, umbo lako lina kosa: matundu ya pembe hayako kwenye mstari wa bawaba, au upana wa mkono wa sevo haulingani na upana wa pembe. Rekebisha hayo, usilegeze nyaya kuficha kosa. Baada ya ruka mbili tatu za kwanza nyaya mpya hulegea, kaza tena. Jua kali nalo huchangia, chuma hurefuka kuliko mbao.

21. Naona wengine wamepishanisha nyaya ndani ya bodi. Lazima?

Si lazima. Hufanywa ili nyaya zitoke kwenye bodi kwa mlalo mzuri bila kukwaruza mbao. Ukipishanisha, usukani utageuka kinyume, kwa hiyo badilisha upande kwenye rimoti, na hakikisha nyaya hazisuguani pale zinapokutana.

## Gurudumu la mkia

22. Nilifunge moja kwa moja kwenye usukani?

Hapana, kwa springi mbili laini. Gurudumu likigonga jiwe, springi inameza pigo. Bila springi pigo linapanda hadi kwenye gia za sevo.

## Rimoti na ukaguzi

23. Elevata mbili haziendi pamoja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mikono, pembe na fimbo: vipimo vya kushoto na kulia viwe vile vile (maswali ya 13 na 14). Ndipo uingie kwenye rimoti, kila sevo na chaneli yake: linganisha katikati, kisha mwisho wa juu, kisha mwisho wa chini. Kwa elevata yenye upana wa sentimita 12, nyuzi 20 ni milimita 41 kwenye ukingo, na nyuzi 15 ni milimita 31. Milimita 30 hivi zinaitosha Cub kuanzia.

24. Nitahakikishaje hazigeuki kinyume?

Simama nyuma ya ndege. Ukivuta kijiti kuelekea kwako, elevata zote mbili zipande. Ukisukuma kijiti cha usukani kulia, ukingo wa usukani uende kulia. Sema kwa sauti huku ukitazama mkia, wala si rimoti. Inaonekana jambo la kitoto, lakini ndege nyingi mpya hufia kwenye ruka ya kwanza kwa hili tu.

25. Nikague nini uwanjani kila siku?

Mkia mzima kwa mikono, dakika mbili: tikisa kila ukingo, vuta kila bawaba, gusa kila nati na kila waya wa kukazia. Kisha injini iungurume kwa nguvu huku msaidizi ameshika ndege, uangalie elevata na usukani kama zinatetemeka.

## Yasiyo ya kila siku

26. Bolti ya kiboksini imepotea, ya dukani inaingia mizunguko miwili halafu inagoma.

Modeli nyingi zenye asili ya Marekani hutumia bolti za 4-40, ambazo unene wake ni milimita 2.84. Ya dukani kwako ni ya milimita 3. Kwa macho ni mapacha, ila nyuzi zake hazilingani. Ukiilazimisha inaua nyuzi zote mbili. Mimi hubadilisha mkia mzima kuwa wa milimita 3, nati na viungo pamoja, nikaachana na habari hiyo.

27. Naishi pwani. Kuna la ziada?

Chumvi. Vipini vya bawaba na nyaya viwe vya chuma kisichoshika kutu, na kila mwezi pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi. Joto nalo linafupisha muda wa epoksi: ile ya dakika 30 saa nane mchana Mombasa au Dar es Salaam haikungoji, kwa hiyo koroga kidogo kidogo, au fanya kazi hiyo alfajiri.

28. Fimbo za kaboni zinaathiri mawasiliano?

Kaboni huzuia mawimbi ya 2.4 GHz. Antena za risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya ndege, zikae mbali nazo, na zisifungwe sambamba na fimbo. Kisha ufanye jaribio la umbali kwa rimoti iliyopunguzwa nguvu, injini ikiwa inaunguruma.

29. Imepapatika angani, nikatua salama. Naweza kuruka tena?

Siku hiyo hapana. Kama ilipotokea ulipunguza injini mara moja na kuinua pua polepole, ulifanya sawa. Lakini gia za sevo zimeshapigwa, hata kama zinazunguka vizuri: zibadilishe. Vuta bawaba zote upya, angalia matundu ya pembe kama yamekuwa ya yai, chunguza gundi kati ya pezi na bodi. Halafu tafuta chanzo kwa orodha ya swali la 3. Usipokipata, hujamaliza kukitafuta.

30. Cub halisi hurekebisha trimu kwa kusogeza bawa zima la mkia. Niige?

Ni kweli, rubani huzungusha mkono kabini na skrubu ndefu mkiani hupandisha au kushusha ukingo wa mbele wa bawa. Ni kazi nzuri ya kuvutia macho, na pia ni kiungo kingine kinachoweza kucheza. Iache kwa ndege yako ya pili.

31. Nahitaji kibali?

Uliza mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA. Ndio wanaosimamia vyombo vya angani visivyo na rubani ndani yake. Uliza kabla ya kununua, maana uzito wa kilo 8 si wa kuruka nao uwanja wa shule.

32. Nimenunua iliyokwisha kutumika, mkia umeshafungwa. Niamini?

Fungua kila kitu isipokuwa gundi ya pezi. Badilisha nati za kujifunga zote, maana zikifunguliwa mara kadhaa hazishiki tena, na nyaya za usukani pia. Toboa tundu dogo la kuchungulia chini ya bodi karibu na mkia kama halipo, umulike kwa tochi ya simu: mara nyingi utakuta epoksi ya kiraka, na mara moja moja mchwa.